Kutembea kutwa kwenye ukame wa Newala: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisimama Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda pale Newala mkoani Mtwara, asubuhi ukungu ukishaachia, bonde la Ruvuma unaliona lote limelala chini na Msumbiji ng'ambo yake. Wageni wengi hapo hapo huingiwa na hamu ya kushuka kwa miguu. Hamu haina ubaya. Wasiwasi wangu ni ushauri wanaobebeshwa kabla ya kushuka, kwa sababu sehemu kubwa ni maneno ya vijiweni, na kiangazi cha Kusini hakina huruma na maneno ya vijiweni.

"Kusini ni pwani, hakuna milima ya kumtesa mtu"

Aliyeishia ufukweni Lindi au Mtwara mjini ana haki ya kuamini hivyo. Lakini uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka upande wa bahari, halafu ukifika Newala unakatika ghafla. Njia za ukingoni ni changarawe inayoteleza chini ya kisigino, mawe yaliyochomoza na mizizi iliyoachwa wazi na mvua za masika. Ukienda Masasi ndiyo kabisa: vilima vya mwamba mtupu vinavyoshika joto tangu saa nne asubuhi na kukurudishia usoni mchana kutwa.

Hata hivyo mwinuko si adui mkubwa. Adui ni ukavu. Juu ya uwanda ardhi ni ya kichanga, mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, kijito hukioni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi watu wa juu waliteremka ukingo kufuata maji na kupanda nayo kichwani, na maji ya bomba ya uwandani husukumwa kwa mitambo kutoka bondeni. Sasa mtu anafunga begi lake na chupa moja ndogo, anasema maji atayapata njiani. Njia gani? Hata mito ya chini mingi kiangazi hubaki mchanga mtupu, na maji ya kisima cha kuchimba kwenye mchanga huo lazima yachemshwe hadi yatokote kabla ya kunywewa, hata yakiwa maangavu kama kioo.

"Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo"

Hili ni gumu kulipinga kwa sababu nusu yake ni kweli. Mtu mzima akitembea juani anaweza kupoteza jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa, wengine zaidi. Mwendo wa saa sita unaweza kudai lita nne au tano, na kila lita ni kilo moja mgongoni. Huwezi kukwepa uzito huo. Na kubugia lita mbili kabla ya kuondoka hakusaidii kitu, mwili hauna tangi la akiba. Utakojoa kwenye kilomita ya kwanza.

Upande wa pili ndio watu hawausikii. Jasho linatoka na chumvi. Ukimwaga jasho saa nyingi huku unajaza maji matupu kuliko unayopoteza, chumvi ya damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu kinaanza, vidole vinavimba, na mtu anaanza kuongea visivyoeleweka. Wenzake wakidhani ni kiu, wanamwongezea maji, na hapo wanamzamisha zaidi. Watu wamekufa kwa namna hiyo kwenye mashindano ya mbio ndefu duniani. Kunywa kidogo kidogo kadiri kiu inavyokutuma, na uwe unakula kitu chenye chumvi. Korosho za kukaanga zenye chumvi zinafanya kazi hiyo vizuri, tena huku kwetu huna haja ya kuzitafuta mbali.

Na dafu? Dafu ni tamu, lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu, yaani madini ya chumvi ambayo ndiyo jasho linayaondoa zaidi, ni kidogo. Kunywa dafu kwa raha zako, ila usiliite dawa ya jasho. Kama unataka maji ya kurudisha nguvu, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni mchanganyiko ule ule wanaofundishwa kina mama kliniki kwa mtoto anayeharisha.

"Kilomita ishirini ni saa nne tu"

Kwenye lami, sawa. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda. Na hapo alimfikiria mtu mwenye afya, kwenye njia ya kawaida. Ongeza mchanga unaomeza mguu, mawe, jua la Oktoba na mapumziko ya kivulini, hesabu yako ya saa nne inakuwa saba.

Wenyeji hulaumiwa bure hapa. Unamwamkia mama anayetoka shambani, "Shikamoo mama, mtoni ni mbali?" Anakuitikia, "Marahaba mwanangu, hapo tu." Saa mbili baadaye unamwona mwongo. Hakudanganya. Amekujibu kwa miguu yake. Muulize kwa jua: nikiondoka sasa, jua litakuwa wapi nikifika? Hapo utapata jibu ambalo simu yako haina.

Na hesabu hiyo ni muhimu kwa sababu jua letu linazama karibu saa ile ile miezi yote ya kiangazi, saa kumi na mbili na dakika chache, na giza haliko mbali nyuma yake. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, tafuta mwembe au mkorosho saa tano, lala chini yake mpaka saa tisa alasiri. Anayejisifu kuwa amepiga mwendo saa saba mchana bila kusimama simwoni kuwa shujaa.

Kusini huku kuna ushahidi wa mwendo wa namna hiyo. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mabaki ya dinosaria yaliyochimbwa kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, yalibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa takribani siku nne, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa ile leo imesimama Berlin. Majina ya wengi waliobeba hayakuandikwa popote.

"Kushuka ni rahisi"

Kwa mapafu, ndiyo. Kwa mapaja na magoti, hapana. Unaposhuka, msuli wa paja unavutwa huku unajaribu kukaza, nao huchanika kidogo kidogo. Maumivu yake hayaji siku hiyo, yanakuja kesho na keshokutwa, ukiwa unashika ukuta kwenda chooni. Fimbo, hatua fupi, basi.

"Bila buti zito usithubutu"

Buti jipya lisilozoeleka litakupa malengelenge kabla ya saa tatu asubuhi. Raba yenye soli nzuri uliyoizoea inatosha, ikiwa na nafasi mbele, maana mguu huvimba mchana na vidole hugonga ukishuka. Kuna wanaopita njia hizo na katambuga miaka yote. Ni kweli, lakini nyayo zao si zako.

"Nyoka akikuuma, chanja, nyonya, funga"

Vyote vitatu acha. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hakimbii akisikia hatua zako, hutulia pale pale kwenye majani makavu, kwa hiyo tazama unapokanyaga na unapokaa. Akikuuma, sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama, na kamba inaifungia pale pale izidi kuharibu. Vua pete, bangili na kiatu mapema, usiutikise mguu, wakubebe kwa bodaboda mpaka hospitali. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi sumu.

"Kuna upepo, jua halitanipata"

Kusi inakausha jasho kabla hujaliona, basi unadhani hutoki jasho. Na si kweli kwamba aliyezidiwa na joto lazima awe mkavu. Anayezidiwa akiwa anatembea mara nyingi bado ameloa chepechepe. Dalili ya kuogopa ni kuchanganyikiwa: anapepesuka, anagomba bila sababu, hajui yuko wapi. Hapo usibane maji. Mlaze kivulini, mvue shati, mmwagie maji mwilini na kumpepea kwa nguvu huku mwingine akipiga simu. Asiyejitambua usimnyweshe. Na ukishafika nyumbani, siku mbili zinazofuata angalia mkojo: ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea na misuli inauma vibaya, hiyo si uchovu, wahi hospitali.