Kwa nini Harlekin wa Meissen haachani na kisiki?

Ukizitazama sanamu za kale za kauri kutoka Meissen, Ujerumani, hasa zile za wachezaji wa jukwaani zilizopangwa katikati ya meza za karamu, utaona jambo moja linajirudia. Harlekin, mmoja wa wachezaji hao, kavaa barakoa na nguo ya viraka vya rangi, kiuno kimepinda kwa dansi, na nyuma ya mguu wake pana kisiki cha mti. Jukwaani kisiki kinatafuta nini?

Jibu linalopendwa ni kwamba huo ni msitu wa ngano za Kijerumani. Tamu, ila halishiki. Harlekin ni mtumishi mjanja na mlafi wa michezo ya kuigiza ya Kiitalia, anayesemwa kuwa mtu wa Bergamo. Kweli, jina lake huhusishwa mara nyingi na Hellequin, jini aliyeongoza msafara wa mizimu usiku katika ngano za Ufaransa, lakini uhusiano huo ni wa kukisiwa zaidi kuliko kuthibitishwa. Hata ukikubalika, bado hautoi sababu ya kisiki. Watazame wanawake: mwenye gauni pana linalofika chini mara nyingi hana kisiki wala jiwe. Mchezo ni uleule na karakana ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba gauni limefika sakafuni, miguu haibebi kitu.

Wengine husema ni kuiga sanamu za marumaru za Kirumi. Hapo wamekaribia, kwa kuwa jiwe nalo huvunjika kwenye kifundo cha mguu. Ila kisiki cha marumaru hubeba mzigo miaka yote. Cha kauri kazi yake kubwa huisha tanurini.

Kauri ngumu ya aina hii ni mchanganyiko wa kaolini (udongo mweupe), nusu hivi au zaidi, pamoja na madini ya feldispa na kwatzi. Huchomwa kwanza kwa nyuzi joto 900 hivi, huchovywa katika uji wa kung'arisha, kisha huchomwa tena karibu na nyuzi 1400. Fikiria kashata jikoni. Sukari ikiyeyuka hushika karanga pamoja, na kabla haijapoa pande zima hupinda ukilinyanyua kwa ncha moja, ingawa karanga zenyewe hazijayeyuka. Feldispa ndiyo sukari hapo. Huyeyuka kuwa kioo kizito kinachojaza nafasi kati ya chembe, na kwa muda ule sanamu nzima ni laini. Uzito wa kiwiliwili unapita kwenye vifundo viwili vyembamba. Ikiinama kidogo, mzigo wa kifundo unaongezeka, nayo inainama zaidi, mpaka ilale.

Mbona wasiweke nguzo ya muda? Wanaweka, hasa chini ya mikono iliyonyooshwa, lakini mahali panapoguswa na nguzo lazima pabaki bila uji wa kung'arisha, la sivyo vitagandana. Chuma ndani ya mguu ni balaa: kauri husinyaa takriban sehemu moja ya sita, sanamu ya sentimita 18 ikatoka na 15, ilhali chuma hakisinyai, basi mguu unapasuka. Kisiki cha udongo uleule husinyaa sambamba na mguu. Chenyewe huwa na uwazi ndani na tundu la kutolea hewa, maana udongo mnene hupasuka na hewa iliyofungiwa hulipua. Majani na maua madogo yaliyobandikwa juu yake hufunika viungio, kwani sanamu hizi hukandikwa vipandevipande kwenye kalibu za plasta kisha huunganishwa kwa uji wa udongo.

Kiwanda kilianza 1710. Mchongaji Johann Joachim Kändler, aliyefika 1731, ndiye aliyewapa wachezaji hawa miili yenye misuli na vituko. Kabla yao meza za karamu zilipambwa kwa sanamu za sukari, ambazo hazikuwa na tanuri la kuziogopesha.

Kwamba mti wenyewe si lazima, kulionekana katika kiwanda cha kauri cha Nymphenburg, München. Huko mchongaji Franz Anton Bustelli aliunda wachezaji 16 wa michezo hiyohiyo ya Kiitalia, na mara nyingi, badala ya kisiki, kitako chenyewe kinajikunja kama wimbi na kupanda mpaka kwenye mguu. Nguzo ni nguzo.

Ukikutana na sanamu ya aina hii mnadani, angalia pale mguu unapokutana na kisiki. Ufa mwembamba uliojaa uji wa kung'arisha ulitokea tanurini, na wanunuzi wengi huuvumilia. Ufa wenye kingo kali, au mkono ambao rangi yake inang'aa tofauti chini ya taa ya miale ya urujuanimno, huo ni wa baadaye: umevunjika ukatengenezwa.