Reli si treni: maana ya mchezo wa reli

Jumapili iliyopita, katika sebule moja hapa Nakuru, mpwa wangu wa miaka kumi alisimama juu ya kiti na kutangaza, "Mjomba, treni yangu imefika El Paso!" Ubaoni hapakuwa na treni iliyofika popote. Palikuwa na mabehewa sita ya plastiki yaliyopangwa kutoka Los Angeles hadi El Paso, nayo hayangesogea tena hadi tuyarudishe kisandukuni.

Mchezo wa reli ni mchezo wa ubao ambao wachezaji hushindana kuunganisha miji kwa njia za reli. Ule unaojulikana zaidi, Ticket to Ride (yaani "tiketi ya kupanda"), ulibuniwa na Alan R. Moon na kutolewa mwaka 2004, nao ukapata tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, Spiel des Jahres, mwaka huohuo. Huchezwa na watu 2 hadi 5, kila mmoja akiwa na mabehewa 45, juu ya ramani ya Marekani yenye miji michache ya Kanada. Mchezaji hukusanya karata za rangi, kisha huzitoa ili kumiliki njia kati ya miji miwili iliyo jirani. Tiketi ni karata ya siri inayotaja miji miwili, mara nyingi iliyo mbalimbali. Ukiiunganisha unaongezewa alama zilizoandikwa juu yake, usipoiunganisha unakatwa alama hizohizo. Mengine yamo katika kijitabu cha maelezo.

Kinachonikera ni kuusikia ukiitwa "mchezo wa treni", hata na watu wazima. Neno "reli" tulilipata kwa Waingereza, ambao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini regula, yaani kijiti kilichonyooka cha kupigia mistari. "Treni" limepita barabara hiyohiyo lakini mzazi wake ni mwingine: ni kitenzi cha Kilatini trahere, kukokota. Moja ni kitu kinacholala pale kilipowekwa, na jingine ni kitu kinachovutwa juu yake. Wazee wetu waliosema "garimoshi", wakichukua "gari" kutoka India na kuliongezea moshi wa kwetu, hawakuweza kukosea hapa, kwa sababu hakuna aliyewahi kusema kwamba garimoshi limetandikwa. (Wanaosema "baba alifanya kazi reli" siwagombezi, hapo reli ni shirika, na maana hiyo imekomaa miaka mingi Nakuru na Kisumu.)

Tofauti hii si ya kamusi tu, kwani mpwa wangu ilimgharimu mchezo. Tiketi yake ilikuwa ya Los Angeles hadi Chicago, yenye alama 16, na kwa kuwa aliamini anaendesha treni, alikwenda kwa mfuatano: El Paso, kisha Oklahoma City, kisha Kansas City, akiogopa kuruka hatua. Sheria haidai hivyo hata kidogo. Unaweza kuanza na kipande cha katikati, au cha mwisho, na kuacha mapengo utakayoyaziba baadaye. Dada yake, ambaye hasemi sana, aliona uelekeo huo mapema na kumiliki njia ya Saint Louis hadi Chicago. Njia hiyo ni ya sambamba, yaani ziko mbili kati ya miji hiyohiyo, lakini tulikuwa wachezaji watatu, na kwa idadi hiyo ikichukuliwa moja ya pili hufungwa. Mdogo akaanza kuzungukia Omaha, lakini mabehewa ya dada yake yakabaki mawili, dalili kwamba mchezo unaisha, tukapewa zamu moja moja za mwisho, naye akakatwa alama zake 16.

Hata hivyo, lazima nimpe mtoto haki yake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu Desemba 1901 ilijengwa kwa mfuatano kama alivyofanya yeye, kwa sababu vyuma na mataruma ya kesho yaliletwa na garimoshi lililopita juu ya reli ya jana. Huko treni ilikuwa mjenzi. Ubaoni mabehewa ni alama za umiliki tu. Hayabebi mzigo wala abiria, na hakuna anayepanda chochote licha ya jina la mchezo.

Nilimchukua mpwa wangu hadi ukingoni mwa njia ya reli, magharibi mwa mji, nikamweleza kwamba karibu na hapo reli hugawanyika, moja ikielekea Njoro, Molo na Kisumu, nyingine Eldoret na Malaba. Hakuna treni iliyopita muda wote tuliokaa. "Sasa hii ndiyo yako," nikamwambia nikimwonyesha chuma. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi, Mjomba, reli yangu ilifika Kansas City." Nikamwambia ndivyo.