Je, wajua kwa nini mzee wa China mwenye sonona hulalamikia kichwa na usingizi?

Mzee wa kijijini China akifika zahanati, ni nadra aseme ana huzuni. Atasema kichwa kinamgonga, usingizi hauji, kifua kinambana, chakula hakipiti. Wala haigizi: sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi huvuruga kweli usingizi, hamu ya kula na mapigo ya moyo. Ila mbona yaliyo moyoni hayatajwi?

Mwaka 1980 daktari wa akili kutoka Marekani, Arthur Kleinman, alikwenda Changsha, jimboni Hunan, akachunguza wagonjwa 100 walioambiwa na madaktari wao kwamba wana “udhaifu wa neva”. Aliwakuta 87 wana sonona. Miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong ya 1966 hadi 1976, ilikuwa imetoka kupita, na katika miaka hiyo mtu aliyetamka kwamba amekata tamaa aliweza kuonekana ana kasoro ya kisiasa. Kuumwa kichwa hakukumtia mtu matatani. Vijana wa enzi ile ndio wazee wa leo. Juu ya hapo kuna aibu: ugonjwa wa akili huhesabiwa kuwa doa la ukoo mzima.

Halafu kuna upweke. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 264 wenye miaka 60 na kuendelea, na vijijini wengi wao watoto wamekwenda mjini kutafuta kazi. Tangu Julai 2013 sheria inawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee au wawajulie hali wazazi wao mara kwa mara. Jambo jema, lakini kijana aliye kiwandani Guangdong harudi nyumbani kwa sababu ya kifungu cha sheria. Anarudi mwaka mpya wa Kichina, akipata likizo.

Kwa hiyo msaada uliofanikiwa umepita mlango ambao mzee haoni haya kuuingia. Katika jimbo la Zhejiang watafiti walifanya majaribio kwenye vijiji zaidi ya 200, wakiwachukua wazee wenye sonona na presha kwa pamoja. Presha haimfedheheshi mtu. Daktari wa kijiji anampima, anampa dawa za presha na za sonona. Mwanakijiji kutoka chama cha wazee anashughulikia yale ambayo kidonge hakiyafikii, kama ugomvi na mkwe au siku nzima kupita bila mtu wa kuzungumza naye. Daktari wa akili yuko nyuma yao, akiwashauri. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha sonona ilipungua kuliko kwenye vijiji vilivyoendelea na matibabu ya kawaida, na presha nayo ilidhibitiwa vizuri zaidi. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana linaonyesha kwamba kumtenga mgonjwa na moyo wake kulikuwa kosa la hospitali, si la mzee.

Hong Kong walipita njia nyingine. Tangu 2016 mradi unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Hong Kong umekuwa ukiwafundisha wazee wenyewe kuwasaidia wazee wenzao, bega kwa bega na maofisa ustawi wa jamii. Mtu wa miaka 70 akisema magoti yanamuuma na marafiki wanaisha kwa kufa, msikilizaji wa rika lake hahitaji kufafanuliwa. Wenye dalili nyepesi hukutana kwa vikundi. Hali ikizidi, mzee anakabidhiwa kwa wataalamu.