Eti choo cha mtoto hakina shida? Kinayo, tena kubwa

Juzi kliniki nimeisikia tena. Mama kabeba mtoto wa miezi saba, kaka yake wa miaka minne anaharisha siku ya tatu, nikamuuliza choo cha huyu mdogo unakitupa wapi, akanijibu bila wasiwasi kabisa, nesi si bado ananyonya huyu, namfuta na kitambaa basi. Na bibi pembeni anaitikia kwa kichwa. Jamani hapana, hii kauli nimeichoka kwa kweli.

Kisichonuka sio lazima kiwe kisafi. Choo cha mtoto anayenyonya hakinuki sana kwa sababu ya maziwa, lakini huyo mtoto anatambaa, anaokota kila kitu anatia mdomoni, anashikwa na mikono ya nyumba nzima, kwahiyo vimelea anavipata kama sisi tu. Virusi vya rota anaweza kuanza kuvitoa kabla hata hajaanza kuharisha na akaendelea siku kadhaa baada ya kupona. Shigella, ile ya kuhara damu, bakteria 10 mpaka 100 tu wanatosha kukuangusha. Na homa ya ini A ndo balaa zaidi, watoto chini ya miaka 6 wengi haiwaoneshi dalili yoyote, anacheza vizuri tu, ila baba yake akiipata macho yanakuwa ya njano na kazini haendi wiki kadhaa.

Halafu sasa nepi inafuliwa kwenye beseni la vyombo, maji yanamwagwa uwanjani, kuku wanaparua hapo hapo, jioni watoto wanakaa chini hapo hapo wanakula. Mama kamfuta mtoto na pembe ya khanga na khanga hiyo hiyo anashikia sufuria ya ugali!

Choo cha mtoto kinaenda chooni, maji ya nepi nayo chooni, nepi iwe na ndoo yake, ianikwe juani. Pampasi isitupwe mtaroni. Na wewe nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila ukimaliza kumsafisha, kama hakuna bomba funga kibuyu chirizi, ni dumu, kamba na kijiti, mimi kila mama namwambia afunge kimoja karibu na choo na hata akinichoka nitamwambia.

Chanjo ya rota hapa Tanzania mnayo tangu 2013, mtoto anapewa akiwa na wiki 6 na wiki 10, msiikose, ila hiyo ni ya rota tu, Shigella haiizuii.

Mengine haraka haraka. Kunawa beseni moja wageni wote sio kunawa, wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake, mwagieni maji kwa jagi. Maji meupe sio maji salama, kipindupindu hakionekani kwa macho, yachemshe yatokote dakika moja nzima na usichote tena kwa kikombe unachotumbukiza na vidole, nunua ndoo yenye koki. Na wale wa "bila sabuni ya dawa hujanawa", sabuni ya kipande ya kawaida inatosha kabisa, sugua sekunde 20 na katikati ya vidole na chini ya kucha, hela ya sabuni ya bei nunulia ile ndoo ya nepi.