Je, wajua? Weupe unaoota kwenye vigae vya bwawa jipya si floridi

Arusha, doa likionekana popote, lawama huenda kwa maji. Kwa meno ya kahawia lawama hiyo ni ya haki: maji mengi ya miteremko ya Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo bwawa la jirani yangu wa Njiro, lisilotimiza hata miezi miwili, lilipotoa michirizi myeupe juu ya vigae vya buluu, nilitamka kitaalamu kabisa: floridi hiyo, badilisha maji.

Hesabu ya darasa la sita ingeniokoa. Hata floridi ikiwa miligramu 5 kwa lita, lita 1,000 zikauke zote, utabaki na gramu 5 zake. Kijiko cha chai hicho. Tena maji yenye floridi nyingi kwa kawaida huwa na kalsiamu kidogo, kwa kuwa hizo mbili zikizidi huungana na kutuama. Na ukoko ule ni wa kalsiamu. Yaani nilishtaki maji yasiyo na mali ya kutosha kutenda kosa lenyewe.

Mwenye mali ni saruji. Ikichanganywa na maji huzaa chokaa, na sehemu yake huweza kuyeyuka. Sasa fikiria kibatari. Mafuta yako chini, moto uko juu, utambi unayapandisha. Zege, plasta na grauti (saruji ya kujazia mianya kati ya vigae) vina vijitundu vyembamba vinavyofanya kazi ya utambi: maji hupenya nyuma ya kigae, hubeba chokaa, hupanda hadi penye hewa. Hapo maji huruka, chokaa hubaki, hukutana na kaboni dioksidi na kuwa jiwe, kama chokaa ya kuta za kale za Pwani ilivyoshika. Ndiyo maana michirizi hukaa juu ya usawa wa maji. Chini yake hakuna pa kukaukia.

Ukitaka kupima, dondosha maji kwanza, kisha siki. Siki pekee hudanganya, maana magadi nayo hutoa povu. Lakini magadi huyeyuka kwenye maji, ukoko huu haung'oki. Bwawa la miaka mingi ni kesi nyingine: hata klorini ya unga, ile ya kalsiamu, huongeza ukoko.

Dawa huanza kabla ya kigae: zege liachwe likomae, kwa kawaida siku 28, lipakwe kizuia maji, na fundi asilegeze grauti kwa maji ili ipakike upesi. Ukisugua kwa asidi, iwe hafifu, na kamwe isikutane na klorini; gesi yake ni sumu.

Jirani alikuwa ameshanisikiliza. Alimwaga bwawa, akaagiza maboza ya maji mapya, akaulowesha utambi upya.