Ndimu haiivishi samaki

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba samaki akilala kwenye ndimu usiku kucha, anaiva nusu na vijidudu vyote vinakufa. Sivyo. Ukali wa ndimu hukaza protini, nyama ikawa nyeupe kama iliyopikwa, lakini bakteria na minyoo wanaweza kubaki hai. Kinachowaua ni moto: nyama ifike nyuzi joto 63 za Selsiasi. Ichokonoe kwa uma karibu na uti wa mgongo. Ikiachia mfupa na haing'ai tena, ameiva. Tena kuloweka sana humkausha changu wa watu bure. Ndimu, chumvi na kitunguu saumu, dakika 20 zatosha, kisha mchome. Ndimu iliyobaki kamulia kachumbari ya embe, kitunguu, giligilani na pilipili mbuzi.