Bunduki ya Babu: Yasemwayo Barazani na Yaliyo Kweli

Mwezi uliopita, katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, nilioneshwa bunduki ya Lee-Enfield, ile ya jeshi la Uingereza, ambayo wenyewe wanaimiliki kwa kibali. Kijana wa nyumba alikuwa ameipiga msasa siku mbili na kuipaka vanishi, ili ipate bei. Iling'aa. Nami nilishindwa kumwambia moja kwa moja kwamba sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa imefagiliwa pamoja na vumbi la mbao.

Hii ndiyo dhana inayoharibu silaha nyingi za kale: kwamba ikisafishwa hadi kung'aa, bei hupanda. Ukweli ni kinyume. Mkusanyaji hununua kile alichokiacha fundi wa kiwandani pamoja na alama za miaka ya matumizi. Mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao haina kina, na msasa huifuta upesi. Tazama pale mbao inapokutana na chuma. Kwenye bunduki isiyoguswa, kwa kawaida mbao huinuka kidogo kuliko chuma. Iliyopigwa msasa huzama, na kingo zake huviringika. Rangi nyeusi ya chuma nayo ikishakwanguliwa, hata ikipakwa upya huwa ni rangi ya leo. Kwa hewa yetu ya chumvi, inatosha kitambaa laini chenye mafuta mepesi, na kufuta alama za vidole kila inaposhikwa. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu.

Wengine huamini kwamba taji na herufi za mfalme ni ushahidi tosha. Hapana. Herufi VR ni za Malkia Victoria, aliyefariki 1901. Ukikuta VR juu ya mwaka 1910, hiyo si ya kiwanda cha serikali ya Uingereza. Mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na mpaka wa Pakistan na Afghanistan, wamenakili bunduki za Kiingereza kwa vizazi kadhaa, na mara nyingi huumbuliwa na herufi: N iliyogeuzwa, neno lililokosewa, mistari isiyonyooka.

Magobori ya pwani yana mtego wake. Neno TOWER, yaani Mnara wa London palipokuwa na ghala la silaha za serikali, likiwa kwenye mtambo wa kufyatulia huwafanya watu waseme ni silaha ya jeshi. Lakini viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, viligonga neno hilo kwenye bunduki nyingi za biashara. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa gobori la jiwe la kiberiti. Kwangu mimi gobori la biashara lina historia tamu kuliko bunduki nyingi za jeshi, ila lisiuzwe kwa jina lisilo lake.

Ati kongwe ni adimu? Lee-Enfield zilitengenezwa takriban milioni 17. Kinachoadimika ni ile ambayo nambari ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya risasi) inalingana na ya mwili wa bunduki, na ambayo mbao yake ya mbele haikukatwa na wawindaji.

Kuhusu hadithi ya babu aliyetumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki: naipenda na naisikiliza, lakini bunduki ya askari ilikuwa mali ya serikali, si yake. Barua, cheti cha kuachishwa jeshi au picha ndivyo vinavyoongeza thamani. Ona mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani, pale Ngome ya Yesu. Meli inajulikana, na inajulikana ilizama katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915.

Dhana ya mwisho ni ya hatari: kwamba ya kale haina sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, si ya kujitafsiria mwenyewe. Uliza kwanza kwa mamlaka ya leseni, na mtaalamu ahakikishe haina risasi kabla ya mtu yeyote kuichezea. Tena Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukipeleka nje kunahitaji kibali.

Ya yule kijana imegongwa 1917. Hiyo haiingii katika kundi hilo, ila ni silaha bado, na kibali chake kikae mahali pamoja nayo. Msasa nimemwomba aufungie kabatini.